HUYU MTU WA "UMECHOMELEA AU UMETAPIKA" SASA BASI!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua wote: yule mjuzi wa vyuma vyote duniani, mwenye aproni ya ngozi isiyo na hata alama moja ya cheche.

Hii ni wiki ya tatu tangu ninunue mashine ya kuchomelea. Nimeunga stuli yangu ya kwanza, miguu minne, bomba la mraba la milimita 1.5. Jamaa akaiinua kwa vidole viwili kama anashika panya aliyekufa, akaigeuza, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu: "Umechomelea au umetapika?"

Umetapika! Mbele ya shemeji yangu!

Na mashine aliiseti nani? Yeye! Nilikuwa na vijiti vya kuchomelea vya unene wa milimita 2.5, akasema hivyo ni vya watoto, nichukue vya 3.2, nipandishe hadi ampea 130, eti "moto ndio unaunga". Kwenye bomba la milimita 1.5! Likatoboka ungedhani limepigwa risasi. Naziba tundu hili, linazaliwa jingine pembeni. Yale mabonge ya kuzibia ndiyo aliyoyaona akasema nimetapika. Matapishi yake mwenyewe!

Ndiye pia aliyeniambia wakati wa kushikiza tu, yale matone madogo ya kwanza, sihitaji kioo cha kukinga macho, nifumbe macho. Usiku macho yakajaa mchanga wa jangwa zima, nikalia hadi alfajiri. Hilo nimesamehe. La kutapika sisamehi.

Kutu: Weka picha kwanza mkuu, tusije tukamwonea bure.

Mzee wa Grainda: Picha ya nini? Shemeji shahidi.

Cheche: Pole kwa macho. Mjuzi wangu alinipa bomba lililopakwa zinki nichomelee ndani, madirisha yamefungwa, moshi wote nikauvuta. Usiku homa na kutetemeka kama malaria. Namweleza, ananiambia ninywe maziwa!

Mzee wa Grainda: Afadhali nyie. Wangu aliazima grainda, ikarudi haina kinga ya diski. Eti ilikuwa inamziba asione. Diski ikipasuka ataona vizuri sana!

Kutu: Yako ilirudi. Yangu mwaka wa pili huu.

Mleta mada: TURUDI KWENYE MADA. Mtu kasema NIMETAPIKA.

Cheche: Stuli inakalika?

Mleta mada: Inakalika! Shemeji aliikalia huku anacheka!

Kutu: Kwa hiyo matapishi yamebeba shemeji. Hongera.

Mgeni Karakana: Samahani wakuu, klampu yangu ya erthi, ile ya kubana kwenye chuma kinachochomelewa, inachemka kuliko kazi yenyewe. Shida nini?

Mzee wa Grainda: Umeibana juu ya rangi. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae.

Cheche: Au imelegea. Na hiyo brashi usimwazime mtu.

Kutu: Brashi! Ngoja niwasimulie ya brashi yangu.