Baada ya NMC, nani humlinda mjane wa Handeni?

Mkazi wa Ngamiani: Naomba kuelimishwa: tangu Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) lilipoacha kununua na kusambaza mahindi, mjane asiye na shamba kule Handeni hulindwa na nani mvua zinapokosekana?

Mzee wa Pongwe: Kisheria, kuna Sheria ya Usalama wa Chakula ya 1991 na, tangu 2008, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao hununua nafaka na kuzitoa wakati wa upungufu. Hata hivyo, mahindi yakishuka bei, asiye na shilingi bado hanunui.

Mama wa Chumbageni: Shikamoo mzee. Pengo hilo ndilo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza 2000, ulikuja kuliziba kwa ruzuku za kaya maskini, ingawa mpangaji anayehamahama, kama jirani yangu, huachwa nje ya orodha.

Mzee wa Pongwe: Marahaba. Basi jirani yako aulize kwenye mkutano wa mtaa.