Mnaoleta mbwa wa nyumbani kwenye shuti za video hapa Mbeya, mmetuchosha!!

Wakuu habari za majukumu, leo nina hasira mnivumilie. Mimi ni kameramani hapa Mbeya, napiga video za wasanii, matangazo, sendoff, chochote chenye hela. Sasa kumeingia huu ugonjwa, kila msanii anataka mbwa kwenye video, ukimuuliza mbwa aliyefunzwa tunampata wapi anakujibu "tulia braza, bamdogo ana jemani shepadi lake moja hatari, linaitwa Simba, linaelewa hadi Kiswahili".

Linaelewa wapi? Mbwa wetu tunawajua. Mchana kutwa yuko bandani, usiku anafunguliwa abweke mpaka kunakucha. Hajawahi kutembezwa na kamba barabarani, na mgeni kwake ni mwizi tu. Leo unampakia kwenye Noah mpaka Kawetire kule msituni, anashuka anakuta kundi la watu asiowajua na muziki juu, dogo wa taa anafungua rifletka, lile duara la kuakisi mwanga, ile inavyofyatuka paa! Simba huyoo kwenye mipaini. Tumemtafuta mpaka ukungu umeanza kushuka, na wa huku mnajua, ukungu ukishashuka mwanga ndo basi tena. Lawama zote kwa kameramani.

Alivyopatikana ndo vituko vikaanza. Skripti inasema mbwa akae pembeni ya msanii wote waangalie milimani, shoti ya sekunde chache tu. Bamdogo kasimama nyuma yangu anapiga kelele "Simba kaa! Simba kaa!", Simba kakaa kweli ila kakodolea macho kamera maana bosi wake yuko huku. Nikamwambia bamdogo asogee kule tunakotaka mbwa aangalie, kusogea tu Simba kamfuata mkia juu. Wenzetu mbwa wao anafundishwa kusimama kwenye alama na kusubiri, mwalimu yuko mbali anampa ishara ya mkono kimya kimya. Filamu za Marekani mbwa mmoja unayemuona mara nyingi ni kadhaa wanaofanana, huyu wa kukimbia yule wa kulala, mmoja akichoka anaingia mwingine. Sisi tuna Simba, na Simba mwenyewe asubuhi kashindiliwa ugali na dagaa eti asije akaaibisha familia. Soseji nilizonunua Mwanjelwa kwa hela yangu kanusa, kageuka. Sasa mbwa aliyeshiba unamshawishi na nini, posho?

Likaja lile koti la manyoya la maiki, la kuzuia upepo. Kaona sungura. Kalichana lote, na kwenye malipo mpaka leo napigwa kalenda.

Hayo ningemeza. Kilichonichefua, dogo wa taa kamshika kola amrudishe kwenye fremu, kang'atwa mkono, damu inatoka, mwenye mbwa anasema "kamkwaruzo tu hako, mpakeni spiriti". Kamkwaruzo?? Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu ni kaburi, hamna dawa ya kukuokoa! Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu mbio hospitali kuanza chanjo siku hiyo hiyo. Tukaomba kadi ya chanjo ya mbwa, bamdogo kaanza kutafuta mtandao kwenye simu. Mbwa anatakiwa kuchanjwa kila mwaka, huyu hata sindano moja hajui. Gharama za dogo nimelipa mimi, msanii kazima simu.

Simba simlaumu hata kidogo, kafanya kile kile anachofanya usiku getini na anasifiwa. Tena alipogoma msanii alishaokota fimbo amchape ili "akae siriasi", nikamuuliza unajua kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kanijibu mimi ndo namharibia video.

Sasa kabla hamjaja inbox na "nina mbwa mpole mkuu", nitumie picha ya kadi ya chanjo, na klipu ya huyo mbwa kakaa dakika mbili pale stendi ya Kabwe bodaboda zinapita na wewe uko mbali naye. Gari ya kwenda lokesheni unalipa wewe, na hela yangu nusu naitaka kabla sijawasha kamera.