Naomba ushauri: klipu ya kamba ya boya

Habari zenu wakuu. Niko Durban, nawinda nguru kwa bunduki ya mshale, mbizi ya pumzi tu. Kamba yangu ya boya ina mita 25, nimeiunga kwenye mshikio wa bunduki kwa klipu ya kubonyeza, ile yenye springi.

Jumamosi nguru mkubwa alivuta kwa nguvu, kamba ikajisokota, kitanzi kikaulalia mlango wa klipu na kuufungua. Nikabaki na boya, bunduki ikaenda na samaki. Jioni niliikagua ile klipu: mwili unang'aa kama mpya, lakini springi imeliwa na kutu na mlango haurudi hadi mwisho. Nimeumia sana.

Sasa nafikiria karabina (pete ya chuma yenye mlango) ya kufunga kwa skrubu, stenlesi ya 316, ile inayostahimili kutu ya maji ya chumvi. Hofu yangu ni moja: kamba ikinasa kwenye mwamba nikiwa chini, nitaifungua vipi kwa mkono mmoja, vidole vina ganzi? Bora kupoteza bunduki kuliko roho.

Wenye uzoefu, mnatumia klipu gani? Na kile kiungo kinachozunguka ili kamba isijisokote, mnakiweka upande wa bunduki, wa boya, au pande zote mbili?