Mvua ya modeli mbili kwenye gridi moja: remapbil, remapcon au remapnn?

ngalawa
Asalaam aleykum wenzangu. Nina mvua, joto na upepo wa modeli mbili za CORDEX Afrika (mradi wa modeli za hali ya hewa za kikanda). Moja ni gridi ya ncha iliyozungushwa (ncha ya gridi imehamishwa kutoka ncha ya dunia), 0.22°, nyengine ni ya ramani ya Mercator. Nataka zote zikae kwenye 0.25°, Unguja na Pemba. Faili la maelezo ya gridi hiyo mpya, zbar.txt, ndiyo hii:

gridtype = lonlat
xsize = 8
ysize = 10
xfirst = 38.625
xinc = 0.25
yfirst = -6.875
yinc = 0.25

Kati ya remapbil, remapcon na remapnn, amri za programu ya CDO za kuhamisha data kutoka gridi moja hadi nyengine, nitumie ipi?

kusi
Waaleykum salaam. Mvua ni remapcon: inapima kila kisanduku cha gridi ya zamani kimeingia kiasi gani ndani ya kisanduku kipya, hivyo jumla ya maji haipotei. Remapbil inachanganya pointi nne za jirani tu. Joto halina neno, remapbil yatosha. Remapnn iwekee aina za udongo na vitu vya namba za makundi.

Ila hata remapcon hutandaza mvua: kilele kinashuka, siku kavu inapata manyunyu. Siku za mvua za masika (1 mm na zaidi) zihesabu kwenye gridi ya asili kwanza, ndipo uhamishe.

mtepe
Remapcon itakugomea kama faili halina pembe za visanduku. Endesha `cdo griddes pr.nc`: uone curvilinear (kila kisanduku kina lon na lat yake), pamoja na xbounds na ybounds, ndizo pembe zenyewe. Ukiona generic (CDO haijui visanduku viko wapi duniani), sifa ya coordinates, inayoelekeza kwenye lon na lat, imeanguka, mara nyingi wakati wa kukata faili. Kama lon na lat bado zimo, irudishe kwa ncatted, amri ya kuhariri sifa za faili:

`ncatted -a coordinates,pr,c,c,"lon lat" pr.nc`

kaskazi
Upepo usiuguse kabla ya kusoma standard_name (jina rasmi la data ndani ya faili). Ikiwa grid_eastward_wind, mishale inafuata gridi, si mashariki ya kweli. Igeuze kwanza, uhamishe baadaye. `rotuvb`, amri ya CDO ya kugeuza upepo, ni ya ncha iliyozungushwa tu, Mercator haimo. Na hiyo "iliyozungushwa" ya CORDEX Afrika ni jina tu, ncha yake iko 90°N, hivyo hapo hakuna cha kugeuza!

kusi
Jengine: 0.25° ni kama km 28, na Pemba kwa upana haifiki hapo. Tazama sftlf (asilimia ya nchi kavu katika kila kisanduku) kabla hujachukua kisanduku kimoja ukakiita Wete. Huenda zaidi ya nusu yake ni bahari. Kushuka hadi gridi ya 0.05° hakusaidii, utapata doa lile lile limelainishwa.

ngalawa
Ahsanteni. Ile ya Mercator inasema generic. Naanza na ncatted.