Chama cha wanawake sita, elfu tisa kila mmoja: twende kuona wanyama wapi bila kuwaharibia kwao?

Fundi wa Umoja aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Umoja, Nairobi. Swali langu lina mkia mrefu, mnivumilie.

Tuko sita kwenye chama. Kila Jumapili, nje ya mchango wa kawaida, tunaweka mia mbili mia mbili ya "kutoka". Ikifika Agosti kila mmoja atakuwa na kama elfu tisa. Tunataka kuona wanyama, siku tatu usiku mbili, na hela ikiisha iwe imeisha.

Mwaka jana tulijaribu, tukachomeka. Kampuni moja, jina naliacha, ilituuzia Maasai Mara "kila kitu ndani". Kufika Narok tunaambiwa ada ya kuingia hifadhini haimo. Mwenzetu mmoja alisimama kando ya kituo cha mafuta akimpigia shemeji yake amtumie M-Pesa, machozi yanamtoka, na sisi watano tumekaa garini tunajifanya tunatazama milima.

Lakini hela si kitu, nilishasahau. Kilichonikaa ni duma. Dereva alisikia kwenye redio yao kwamba yuko mahali, tukakimbizwa huko kwa vumbi. Tulipofika niliyahesabu magari: kumi na manne. Duma jike yuko chini ya mti na watoto wawili. Dereva wetu akaiacha barabara, akapita juu ya nyasi na kumzunguka kwa mbele "ili mama zangu mpate picha nzuri". Yule mama akainuka, akawaita watoto wake kwa kasauti kembamba kama ka ndege, akaanza kuondoka. Gari lingine likamkata njia. Akageuka upande wa pili, huko nako kuna gari. Simu nilikuwa nayo mkononi na sikupiga hata picha moja. Mchana chakula kikaja kwenye vibweta vyeupe vya kutupa, na upepo ukaondoka na vifuniko viwili.

Kwa hivyo nauliza: kuna njia ya kwenda kwa hela yetu hii bila kuwa gari la kumi na tano? Mjue pia mmoja wetu ana goti bovu, na mwingine hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Kijana wa Lang'ata:

Mama, mbona mnakwenda mbali? Mbuga ya Nairobi iko hapa tangu 1946, kilomita za mraba 117, ina simba, vifaru, twiga na nyati. Tembo ndio hamtapata. Kodisheni matatu ya viti kumi na vinne asubuhi, jioni mko Umoja mnapika. Chenji mnagawana.

Dereva Mstaafu:

Fundi, nimesoma habari ya huyo duma nikaona aibu, kwa sababu nimewahi kuwa dereva huyo. Nimeendesha watalii miaka ishirini na miwili. Mgeni akipata picha ya karibu, bakshishi inanona. Akikosa, jioni anamnung'unikia meneja. Kutoka nje ya njia kumekatazwa na kila dereva anajua. Anayefanya hivyo anapiga hesabu ya ada za shule za wanawe. Simtetei. Nakwambia tu ili safari ijayo, kabla gari halijang'oa nanga, mumwambie kwa sauti moja: "Dereva, sisi hatuna haraka, na bakshishi yako iko palepale hata tusipoona simba." Utaona mabega yake yanavyoshuka.

Sasa hesabu. Kinachokula hela ya safari ni gari. Mnyama ni bure, ada ya raia wa Kenya katika mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ni ndogo ukilinganisha na ya mgeni, na chakula mnajua kupika. Gari ndilo linalokunywa mafuta kutoka Nairobi hadi Mara na kurudi, linalala huko na dereva wake, na mnalilipia hata likiwa limesimama. Na gari hilohilo ndilo linalochimba nyasi. Mkilipunguza gari mmetatua maswali yako yote mawili.

Kwa hivyo mimi ningewapeleka mbuga ya Hell's Gate, Naivasha. Kule unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Matatu za Naivasha mnazipata Nyamakima, hapo katikati ya Nairobi, ni kama kilomita tisini. Mjini Naivasha mnabadilisha, mnapanda zinazopita barabara ya kusini ya ziwa, mnashukia njia panda ya kuingia mbugani. Kutoka hapo hadi geti la Elsa ni kama kilomita mbili, na baiskeli za kukodi zimepangwa kando ya njia. Mara ya mwisho nililipa mia tano kwa siku nzima. Shika breki zote mbili kabla ya kulipa! Yangu ilikuwa na breki moja, na hiyo moja ilikuwa ya mapambo.

Ukishaingia tu kuna jabali limesimama peke yake, refu kama jengo la orofa nane, Fischer's Tower wanaliita, na pimbi wamejaa kwenye nyufa zake wakiota jua. Halafu unaendesha. Upande huu ukuta wa mawe mekundu, upande ule pundamilia wanakula. Hapo ndipo utakapoelewa. Miaka yote ile nilimwona pundamilia kupitia kioo, sijawahi kumsikia aking'oa nyasi. Kule nilisimamisha baiskeli nikasikia: krup, krup, kama mtu anayechana kitambaa kibovu. Fundi, wewe utaijua hiyo sauti.

Nyati mpeni nafasi kubwa, hata ikibidi kusubiri nusu saa. Na bondeni, lile korongo jembamba la mwisho, msiingie mbingu zikiwa nyeusi upande wowote. Mwaka 2012 na tena 2019 watu walisombwa humo na mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha mbali kabisa, pale ulipo jua linawaka, maji yakaja yakiwa yameshakuwa ukuta. Mlinzi akisema leo hakuingiliki, msimbembeleze.

Usiku mnapiga hema kwenye kambi za kando ya ziwa. Kiboko hutoka majini kula nyasi, hivyo ukisikia mtu anakoroma nje ya hema, si mmoja wenu. Kaeni ndani ya uzio.

Mara nawaambia ukweli: kwa elfu tisa, Agosti, nyumbu wakiwa wamevuka na wageni wamejaa, mtarudia yale ya mwaka jana. Ada ya kule ni ya kaunti ya Narok, haina uhusiano na KWS, na ndiyo maana bei mliyoizoea kwingine haiwasaidii.

Binti Mtaita:

Shikamoo mzee wa magari. Nakubaliana nawe kuhusu gari ila Naivasha hakuna tembo, na dada yetu mwenye goti umemweka wapi? Nawakaribisha kwetu Voi, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo Mashariki.

Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ya kusimama kila kituo huondoka stesheni ya Syokimau, Nairobi, saa mbili asubuhi. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024, na Voi ni pungufu ya hapo. Kateni tiketi mapema kwa *639#, Agosti shule zimefungwa na viti huisha. Mkishapita Mtito Andei wekeni simu chini mtazame nje. Mko katikati ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki upande wa kushoto na Magharibi upande wa kulia, na reli imeinuliwa mahali pengi ili tembo wapite chini yake. Mara nyingi mnyama wa kwanza wa safari huonekana kabla hujateremka.

Laleni mjini Voi, nyumba za wageni zipo za bei ya chini. Jumamosi kodini gari moja la paa la kufunguka, liwe la mtu wa hapahapa. Desemba niliwatafutia jamaa zangu kwa elfu kumi na mbili nusu siku, gari zima. Kwenu sita ni elfu mbili mbili. Geti la Tsavo Mashariki hufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri na liko kilomita chache tu kutoka mjini, kwa hivyo mafuta mnayachoma mkitazama wanyama, si barabarani kutoka Nairobi.

Agosti ni kiangazi, majani yamekauka, wanyama wanafuata maji. Mwambieni dereva awapeleke bwawa la Aruba, azime injini, mkae. Tembo wetu ni wekundu kama tofali kwa sababu ya udongo wanaojimwagia. Nimezaliwa huku na bado nikiona mtoto wa tembo anajaribu kujimwagia vumbi kwa mkonga asioumudu, linamwingia machoni, nacheka peke yangu.

Malipo ya KWS ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, pesa taslimu getini hazipokelewi. Bebeni vitambulisho, bila kitambulisho huhesabiwi raia. Na chupa za maji za kutupa zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, bebeni zile za kujaza tena.

Fundi wa Umoja:

Asanteni sana, nimewasomea wenzangu kwa sauti hapa dukani. Mzee, mwenye goti anasema wewe ni mtu mzuri lakini baiskeli yako ya breki moja umpelekee adui yako. Kura ni nne kwa mbili, tunaenda Voi. Wawili waliobaki wanataka Hell's Gate na nimewaahidi mwakani.

Kijana wa Lang'ata, sisi tukirudi jioni ileile waume watajua tulikuwa karibu, chakula kitasubiriwa. Sharti tulale nje.

Binti Mtaita, swali: tunataka kujipikia. Nikibeba meko yangu ya gesi ya kilo sita na sufuria mbili, kuna shida?

Binti Mtaita:

Meko haipandi treni dada! Mizigo inakaguliwa Syokimau, mbwa wananusa, na mtungi wa gesi utauacha hapo. Hata kisu cha jikoni watakichukua. Fikeni saa moja mapema kwa sababu ya huo ukaguzi. Njooni na vyombo vya chakula vya kufunika, Ijumaa jioni mnanunua sokoni, mwenye nyumba wa kuelewana naye atawaachia jiko. Chapati za Jumamosi zipikwe usiku, maana saa kumi na mbili mko getini.

Dereva Mstaafu:

Nimeshindwa kwa haki, Tsavo sina neno nayo. Kiti cha mbele kando ya dereva mpeni mwenye goti, kina nafasi ya kunyoosha mguu. Na yule asiyejua baiskeli aanze kujifunza sasa hapo Umoja, mwakani si mbali.

Fundi wa Umoja:

Asiyejua baiskeli ni mimi, mzee.