Naomba vitabu vinavyousimulia ugonjwa wa akili kutoka ndani ya mgonjwa mwenyewe

Msomaji wa Kona

Wadau, habari za wakati huu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta vitabu vinavyohusu magonjwa ya akili na upande wa giza wa fikra za binadamu, na kila orodha ninayoifungua inanikera kwa jambo lilelile: riwaya za wauaji zimechanganywa na riwaya za wagonjwa, kana kwamba mtu anayesikia sauti na mtu anayepanga kuua ni mmoja. Nimeshasoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Kilichonishika zaidi humo ni jinsi Kazimoto anavyojisimulia kwa nafsi ya kwanza, hata msomaji anajikuta amekubaliana naye hatua kwa hatua, na anaposhtuka tayari mawazo hayohayo yamemfikisha kijana huyu mahali pa kujitoa uhai. Nilisoma pia Rosa Mistika (1971), ambamo mwisho wa mhusika mkuu haupishani sana na huo.

Ninaomba vingine vya aina hiyo, vya lugha yoyote. Je, nianze na riwaya au na maandishi ya watu walioumwa kweli? Na je, kuna vitabu ambavyo havimfikishi mgonjwa kaburini kila mara?

Mwanakalamu

Mleta mada, ningekushauri uanze na hadithi fupi, kwa sababu mwandishi akibanwa na nafasi hapati mwanya wa kutoa maelezo ya kitabibu, hivyo hulazimika kuonyesha akili inavyofanya kazi.

Ya kwanza ni Shajara ya Mwendawazimu ya Mrusi Nikolai Gogol (1835), iliyoandikwa kama shajara ya karani wa ngazi ya chini serikalini, Poprishchin, ambaye kazi yake mojawapo ni kumchongea mkurugenzi kalamu za manyoya. Mwanzoni tarehe zake ni za kawaida. Anamlalamikia mkuu wa kitengo na anamtamani binti wa mkurugenzi. Kisha anawasikia mbwa wawili wakizungumza, na mshangao wake haudumu, kwani anakumbuka kwamba aliwahi kusoma gazetini habari za ng'ombe wawili walioingia dukani kuomba majani ya chai. Mbele zaidi tarehe inasomeka 43 Aprili, mwaka 2000, siku anayogundua kwamba mfalme wa Hispania aliyekuwa akitafutwa ni yeye. Gogol hatoi ufafanuzi wowote. Karani anapopelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili anaamini kwamba amewasili Hispania, na fimbo anazochapwa na walinzi anazichukulia kuwa ni desturi ya kumpokea mfalme. Msomaji aliyekuwa akicheka tangu ukurasa wa kwanza hapo hucheka kwa shida.

Ya pili ni The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman (1892). Mwanamke aliyejifungua karibuni anawekwa katika chumba cha ghorofani apumzike, na mumewe, ambaye ni daktari, anamkataza kuandika. Kwa kukosa la kufanya, anaanza kuikodolea macho karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, hadi anamwona mwanamke mwingine akitambaa nyuma ya michoro yake. Gilman mwenyewe alikuwa ametibiwa mwaka 1887 na daktari Silas Weir Mitchell, aliyejulikana sana kwa tiba ya mapumziko, kwa hiyo hadithi ni shtaka dhidi ya tiba hiyo. Tazama jinsi sentensi za msimulizi zinavyozidi kuwa fupi na zenye furaha kadiri anavyoharibikiwa; kwangu mimi furaha hiyo ndiyo inayotisha kuliko yote.

Ukishamaliza hizo mbili, ingia kwenye A Question of Power ya Bessie Head (1973), ambayo naona ndiyo jibu la swali lako la mwisho. Elizabeth ni mkimbizi kutoka Afrika Kusini anayeishi kijijini Botswana pamoja na mwanawe mdogo. Usiku anateswa na wanaume wawili, Sello na Dan, ambao mwandishi hakuambii kama ni watu, pepo au njozi. Mchana analima bustani ya mboga na wenzake, akiwemo mwanamke mtulivu aitwaye Kenosi. Riwaya nyingi za wazimu huyasahau maisha ya mchana, lakini humu bustani inaendelea kumwagiliwa, mtoto anahitaji kula, na mgonjwa anarudi kidogo kidogo. Head aliyajua aliyoyaandika: alizaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili alimokuwa amefungiwa mama yake, na yeye mwenyewe alilazwa kabla ya kukiandika kitabu hicho. Nakuonya tu kwamba ni kigumu. Kuna kurasa utakazozirudia bila kujua kama kinachosimuliwa kimetokea chumbani au kichwani mwa Elizabeth, na ninadhani Head alitaka upotee namna hiyo.

Mchambuzi Mkongwe

Nakubaliana na Mwanakalamu kuhusu Bessie Head, ila ninampinga mleta mada katika jambo moja. Kutenganisha uovu na ugonjwa ni haki kabisa katika maisha, kwa kuwa wagonjwa wengi hawamdhuru mtu yeyote, na wao ndio wanaodhuriwa zaidi. Lakini katika fasihi ziko kazi kubwa ambazo uzito wake wote umo katika swali la wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanzia, na ukizitupa utapoteza mengi.

Mfano ni Raskolnikov wa Dostoevsky, katika riwaya ya mwaka 1866 ijulikanayo kama Uhalifu na Adhabu. Anaua ajuza mkopeshaji na dada wa ajuza huyo kwa kuongozwa na nadharia, kwamba wako watu wachache walioruhusiwa kuvuka mipaka ya sheria. Kisha anashikwa na homa, anaweweseka, na anamshuku kila anayemtazama. Je, homa ni ugonjwa au ni dhamiri? Mwishoni mwa kitabu mahakama inaona afadhali iamini kwamba alirukwa na akili kwa muda, kwa sababu haielewi mtu anawezaje kuua, asizitumie fedha alizoiba, kisha ajisalimishe mwenyewe. Anahukumiwa miaka minane tu Siberia. Dostoevsky anaisimulia hukumu hiyo kwa kejeli. Kwake yeye, kumwita muuaji huyu mgonjwa ni njia ya mkato ya kukwepa kumwelewa.

Kwa hiyo kinachonikera mimi ni mwandishi mvivu anayemleta "kichaa" katika sura ya mwisho ili mauaji yake yasihitaji sababu. Huyo mtupe, nakuunga mkono.

Muuguzi Msomaji

Nimefanya kazi katika wodi ya magonjwa ya akili, na ninasoma riwaya kila nipatapo nafasi, hivyo nitasema machache kuhusu maandishi ya waliougua.

Soma kwanza The Center Cannot Hold ya Elyn Saks (2007). Ni profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California na ana skizofrenia, ugonjwa unaovuruga fikra hata mtu akasikia au kuamini yasiyokuwepo. Anaeleza jinsi mawazo yanavyoanza kuachana taratibu, na anaeleza kufungwa mikanda kitandani hospitalini alipokuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale. Sehemu hiyo niliisoma polepole, maana sisi wahudumu huwa tunaijua mikanda kwa upande mmoja tu. Lililo muhimu zaidi kwa ndugu wa wagonjwa ni jinsi anavyojaribu mara kwa mara kuacha dawa, akiamini kwamba akiweza kuishi bila dawa basi hakuwa mgonjwa. Familia nyingi hudhani kwamba mgonjwa anayekataa dawa ni mkaidi; kitabu hiki kinaonyesha hesabu iliyo nyuma ya ukaidi huo.

Kay Redfield Jamison, katika An Unquiet Mind (1995), anaeleza vita hiyohiyo kwa upande wa ugonjwa wa baipola, unaomrusha mtu kati ya uchangamfu uliopita kiasi na huzuni nzito. Yeye ni mwanasaikolojia aliyebobea katika ugonjwa anaougua, na bado aliipinga dawa yake, lithiamu, kwa miaka, kwa sababu hakutaka kuupoteza ule wepesi na uchangamfu wa vipindi vya kupanda. Ni vizuri anakiri kwamba vipindi hivyo vilikuwa vitamu, maana vitabu vya ushauri huliruka jambo hilo.

Sasa tahadhari. Mtu anayepitia sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa sasa, au anayesumbuliwa na mawazo ya kujiua, asipewe Kichwamaji wala The Bell Jar ya Sylvia Plath (1963) ili "ajitambue humo". Jambo hili si geni: Mateso ya Werther ya Goethe, iliyotoka mwaka 1774, ilipigwa marufuku mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka uliofuata kwa hofu kwamba vijana wangemwiga mhusika wake anayejiua, na tangu 1974 watafiti huuita mwigo wa namna hiyo kwa jina la Werther. Mtu wa aina hiyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye na mtaalamu wa afya ya akili, vitabu vitamsubiri.

Msomaji wa Kona

Nawashukuru sana. Muuguzi, je, The Bell Jar nayo inaishia pabaya? Nimekuwa nikiikwepa kwa kudhani hivyo.

Muuguzi Msomaji

Hapana, ndugu yangu. Mwandishi alijiua mwezi mmoja hivi baada ya kitabu kuchapishwa Uingereza, na watu husoma kifo chake ndani ya riwaya. Esther, mhusika mkuu, tunamwacha akiingia katika chumba cha madaktari watakaoamua kama aruhusiwe kutoka hospitalini. Zingatia pia tiba ya mshtuko wa umeme: mara ya kwanza anafanyiwa ovyo na daktari asiyemsikiliza, na anateseka, baadaye anafanyiwa kwa uangalifu na daktari mwanamke anayemwamini, na anapata nafuu. Wengi hukumbuka ile ya kwanza tu.

Mwanakalamu

Niongeze kimoja cha kucheka, kwa kuwa mada imekuwa nzito. Mwaka 1882 Machado de Assis wa Brazili alichapisha kisa cha Simão Bacamarte, daktari anayejenga nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Itaguaí na kuanza kuwafungia wenye wazimu, kisha wenye majivuno, kisha wenye adabu kupita kiasi, hadi sehemu kubwa ya mji imo ndani. Anapoona kwamba walio wengi ni wagonjwa, anahitimisha kuwa nadharia yake ilikuwa imegeuka juu chini, anawaachia wote, na anaanza kuwasaka watu timamu. Kwa uchunguzi wa haki kabisa anampata mmoja tu asiye na kasoro hata moja, ambaye ni yeye mwenyewe, na anajifungia.

Mchambuzi Mkongwe

Huyo Bacamarte nilimsahau, na yeye ndiye hoja yangu bora. Hakuua mtu, hakusikia sauti, hakukosa usingizi, na bado ndiye aliyeuumiza mji kuliko wote waliofungiwa. Mleta mada, ukishamsoma rudi utuambie utamweka katika orodha ipi kati ya zile mbili.