Mjadala: Mkutano wa haki ugawe tuzo, au uwabane wenye soko?

Ndugu zangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa nzima, salaam.

Mikutano ya haki za raia inayohubiri fursa za kiuchumi tumeizoea: mada asubuhi, picha ya pamoja, jioni viongozi wa jamii wanaitwa mbele kupokea vyeti na ngao. Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa, maana anayewahangaikia watu bila mshahara ashukuriwe angali hai. Mimi nasema hakuna tuzo kutolewa mpaka mkutano upate ahadi iliyoandikwa na kusainiwa na mwenye fedha au mwenye soko.

Nautegemea mfano wa Marekani. Mwaka 1962 SCLC, shirika la haki za raia la Martin Luther King, lilianzisha Operation Breadbasket, kampeni ya kudai ajira na biashara kwa Weusi, huko Atlanta. Mwaka 1966 ikaingia Chicago, ikiongozwa na Jesse Jackson. Wachungaji waliiendea kampuni ya maziwa au duka kubwa na kuuliza: mmeajiri Weusi wangapi, na kwa kazi zipi? Jibu likiwa baya, wanapeleka madai. Kampuni ikikaidi, Jumapili waumini wanaambiwa wasinunue bidhaa zake. Ikikubali, mapatano yanaandikwa: nafasi za kazi, bidhaa za wazalishaji Weusi madukani, akaunti kwenye benki za Weusi.

Na hapa kwetu? Mkulima wa pamba alipunjwa kwenye mizani ya mfanyabiashara miaka nenda rudi. Wakulima wakaweka wapimaji wao, wakaunda vyama, na mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama hivyo, chini ya Paul Bomani. Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha na kuheshimiwa nchi nzima, lakini kwanza alihangaika na mizani.

Sasa tazama mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Mama ananunua dagaa wabichi kwa ndoo, bei hapangi yeye. Anawaanika mchangani, mvua ikinyesha, mtaji umekwenda. Anahitaji chanja ya kuanikia, ghala na mkopo usiomkaba. Mkopo upo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarejea 2024. Basi mkutano umwalike mkurugenzi wa halmashauri aeleze mbele ya hao akina mama: vikundi vingapi vya mialoni vimeomba, vingapi vimepata, na waliokosa wamekosea wapi. Hiyo ndiyo ajenda.

MCHANGIAJI WA IGOMBE: Kaka, nakupinga. Katibu wa kikundi chetu anafuatilia usajili kwa nauli yake, na bado anasemwa kwamba anakula hela za wenzake. Akitambuliwa hadharani, hata ofisini wanampokea tofauti. Ngao unayoidharau kwake ni kinga. Halafu hao wa Chicago walikuwa wanunuzi, wakasusa. Sisi ni wauzaji. Tukisusa, wanaooza ni dagaa wetu.

MWANZISHA MJADALA: Dada, hapo kwenye kususa umenibana kweli, na nakubali njia ile haiwezi kuletwa hapa kama ilivyo. Dagaa mbichi hasubiri mtu. Lakini aliyekauka vizuri juu ya chanja na kuwekwa ghalani anasubiri, na mwenye kuweza kusubiri ndiye anayeweza kukataa bei. Kwa hiyo dai la kwanza liwe chanja na ghala, kutokana na ushuru uleule tunaoulipa mwaloni.

Kuhusu katibu wenu, atunukiwe. Ila wanaomchagua wawe wanakikundi wenyewe, na siku hiyohiyo hesabu za kikundi zisomwe mbele ya watu. Hapo masengenyo yatakosa pa kushika. Ninachokikataa ni mfadhili kuleta orodha yake, kwa sababu kiongozi aliyepewa ngao na mnunuzi atamwulizaje kesho juu ya bei?

Wa Ukerewe na Sengerema, tusaidieni: huko kwenu mizani ya mwaloni ni ya nani, na nani anaikagua?